Daktari Amefika, Leseni Bado

Kuna swali ambalo mfugaji wa Gitega au Muyinga, nchini Burundi, hulifikia siku moja, apende asipende. Mtu amesomea udaktari wa mifugo ng'ambo kwa miaka mitano au sita. Shahada anayo, muhuri upo, mkoba wa dawa uko begani, na amesimama mlangoni mwa banda ambamo ng'ombe hajagusa majani tangu jana. Kwa nini aambiwe asubiri karatasi nyingine ndipo amtibu?

Jirani wa mfugaji huyo naye ana swali lake, na huliuliza kwa sauti ya chini: huyu ni nani? Nani amehakikisha kwamba alisoma kweli? Dawa yake ikimuua ng'ombe, tutamtafuta wapi?

Maswali yote mawili ni ya haki, na sura hii inajaribu kuyajibu pamoja. Jibu linaloyakutanisha ni leseni ya muda: ruhusa anayopewa daktari aliyesomea nje ili afanye kazi fulani, mahali fulani, kwa kipindi fulani, huku sifa zake zikiendelea kuchunguzwa. Ruhusa hiyo ikitolewa vizuri, ng'ombe anapona na mfugaji analindwa. Ikitolewa ovyo, inageuka mlango wa matapeli. Na ikinyimwa bila sababu, kilima kizima kinabaki bila daktari ilhali daktari yupo, amekaa nyumbani akingoja barua.

Nalichukulia jambo hili kwa uzito kwa sababu ya namna ng'ombe alivyo Burundi. Familia nyingi hazina kundi. Zina ng'ombe mmoja, labda na ndama wake, na mbuzi wawili watatu. Ng'ombe huyo ndiye maziwa ya watoto, ndiye ada ya shule, ndiye mahari na heshima ya ukoo, na zaidi ya yote ndiye samadi, maana udongo wa vilima hivi umelimwa vizazi na vizazi na bila mbolea ya zizini maharage hayatoi kitu. Akifa ng'ombe mmoja wa namna hiyo, shamba linamfuata.

Shahada ni ya chuo, leseni ni ya jamii

Tuanze na tofauti ambayo watu wengi huichanganya. Shahada hutolewa na chuo, nayo inasema: mtu huyu alifundishwa, akafanya mitihani, akafaulu. Leseni hutolewa na chombo cha taaluma, yaani baraza au bodi iliyoundwa kwa sheria ili kusimamia madaktari wa mifugo, nayo inasema: mtu huyu anaruhusiwa kutibu hapa kwetu, jina lake limeandikwa kwenye daftari letu, na akiharibu tuna uwezo wa kumwita, kumhoji na kumfuta.

Tanzania ilipitisha Sheria ya Veterinari mwaka 2003, na kwa sheria hiyo likaundwa Baraza la Veterinari Tanzania. Kenya ilifanya marekebisho makubwa mwaka 2011 kwa sheria iliyoiweka Bodi ya Veterinari ya Kenya kuwa msimamizi wa madaktari na wa mafundi wa mifugo pia. Rwanda ikaanzisha baraza lake kwa sheria ya mwaka 2013. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, lililoundwa mwaka 1924 na lenye makao yake Paris, linazitaka nchi wanachama ziwe na chombo cha namna hiyo, chenye mamlaka ya kuandikisha na ya kuadhibu. Kuandikisha bila uwezo wa kuadhibu ni kutunza orodha tu.

Sasa, usajili wa kawaida ni wa kudumu: ukishaingia, unabaki, mradi ulipe ada na usivunje maadili. Wa muda una mipaka. Katika nchi mbalimbali unaukuta katika sura tatu. Kuna ruhusa kwa mtaalamu anayekuja kwa kazi maalumu, kama mkufunzi wa upasuaji au mtu wa chanjo, kisha anaondoka. Kuna ruhusa ya kufanya kazi chini ya usimamizi wa daktari aliyekwisha sajiliwa, wakati karatasi za mhusika zinathibitishwa chuoni kwake. Na kuna ruhusa ya dharura, pale ugonjwa unapolipuka na wenyeji hawatoshi.

Nchi ambayo madaktari wake walitoka nje

Tukisema "daktari aliyesomea nje", msikilizaji wa Nairobi au Morogoro humfikiria mgeni. Nairobi ina Kabete, ambako madaktari wa mifugo wamefundishwa tangu miaka ya 1960. Morogoro ina Chuo Kikuu cha Sokoine, na mafunzo ya veterinari pale yalianza mwaka 1976, hata kabla chuo hakijapata jina hilo. Huko, aliyesomea nje ni wa pembeni.

Burundi hali ni tofauti. Katika enzi za Wabelgiji, waliotaka kusomea afya ya mifugo walivuka kwenda Astrida, mji ambao leo ni Huye nchini Rwanda. Shule kubwa ya mabruda, Groupe Scolaire, ilianzishwa pale mwaka 1929, na miongoni mwa sehemu zake ilikuwepo ya wasaidizi wa mifugo. Daktari mwenyewe alikuwa Mzungu, na vijana wa Rwanda na Burundi walifundishwa kumsaidia. Baada ya uhuru wa mwaka 1962, njia ikageuka kuelekea mbali zaidi. Shule ya veterinari ya Dakar, iliyoanzishwa mwaka 1968 kwa ushirikiano wa nchi za Afrika zinazotumia Kifaransa, ina Burundi miongoni mwa wanachama wake, na kwa miongo mingi vijana wa Burundi wamekwenda Senegali kusoma. Wengine walikwenda Ubelgiji, wengine Umoja wa Kisovieti. Nyumbani yakabaki mafunzo ya mafundi, kama yale ya taasisi ya kilimo ya Karuzi, katikati ya njia ya kutoka Gitega kwenda Muyinga.

Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi daktari wa mifugo wa Burundi, mzaliwa wa kilima hichohicho na mwenye mama yake Giheta au Gashoho, alirudi nyumbani na shahada ya ugenini. Cheti cha nje kilikuwa ndicho cheti cha kawaida. Kwa hiyo anayedhani kwamba kuchunguza vyeti vya nje ni kuwabagua wageni anakosea, na anayedhani kwamba mzalendo hahitaji kuchunguzwa anakosea zaidi. Virusi havisomi pasipoti.

Vidole chini ya sikio

Nitaeleza kisa kimoja kwa kirefu, kwa sababu ndani yake kuna hoja nzima ya sura hii.

Ndigana kali ni ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kijidudu cha damu kinachobebwa na kupe wa kahawia, yule anayependa kujificha ndani ya sikio. Mtu aliyezoea hamwangalii ng'ombe machoni kwanza. Anapitisha vidole chini ya sikio, kwenye pembe ya taya, kisha anashuka mbele ya bega, akitafuta tezi. Tezi ya kawaida huitambui kwa urahisi. Ya ndigana kali imevimba, ngumu, unaisikia chini ya ngozi kama limau. Joto limepanda, nyuzi 41 hivi. Siku zikipita manyoya yanasimama, pumzi inakuwa fupi, kisha povu jeupe linatoka puani kwa sababu mapafu yamejaa maji. Ukiliona povu, mara nyingi umechelewa. Dawa ipo, inaitwa buparvakwoni, ni ghali kwa mfugaji mdogo, na nguvu yake iko katika siku za mwanzo, wakati vidole vimegundua na povu halijaja.

Ugonjwa huu ni wa Afrika ya mashariki, ya kati na ya kusini. Senegali haupo. Ubelgiji haupo. Daktari aliyehitimu Dakar anaijua homa ya mapafu ya ng'ombe na anaijua nagana, ile ya mbung'o, pengine kuliko mwalimu yeyote wa huku. Lakini anaweza kumaliza masomo yake yote bila kugusa hata tezi moja ya ndigana kali. Ameisoma kitabuni, ameona picha ubaoni. Na fundi wa mifugo wa Karuzi, mwenye diploma tu, amezishika tezi hizo tangu ujana wake, kila msimu wa mvua.

Nani amsimamie nani hapo? Kwa karatasi, daktari yuko juu. Kwa vidole, fundi yuko mbele. Kipindi cha leseni ya muda, kikipangwa kwa akili, kinawakutanisha wawili hawa bila aibu: daktari anajifunza magonjwa ya kilima, fundi anajifunza upasuaji, kusoma majibu ya maabara na kupima dozi kwa uzito badala ya kukadiria kwa macho. Mimi ningependa kuona sheria ikilisema hilo waziwazi, kwamba miezi ya mwanzo ya daktari mgeni ni miezi ya kufundishwa pia na walio chini yake kwa cheo.

Mambo yamekuwa magumu zaidi tangu ng'ombe waingie ndani. Mwaka 2018 Burundi ilipitisha sheria ya kufugia ng'ombe bandani na kukataza mifugo kuzurura, na utekelezaji wake ukaanza Oktoba 2021. Sababu zake zinaeleweka: watu ni wengi, ardhi ni ndogo, na ng'ombe wanaozurura hula mazao na kuleta ugomvi. Lakini ndama wa bandani hakutani na kupe mapema na kidogokidogo, kama walivyokutana nao ndama wa zamani waliochunga na mama zao. Kinga yake haijengeki. Kisha siku moja mtoto analeta mzigo wa majani kutoka bondeni, kupe wako ndani ya majani, na mtamba chotara wa Frisiani aliyenunuliwa kwa mkopo anapata ndigana kali akiwa mkubwa, akiwa na mimba. Ng'ombe wa asili wa pembe ndefu, yule wa Ankole, huvumilia zaidi. Chotara hana uvumilivu huo. Daktari aliyezoea ng'ombe wa kisasa wa Ulaya anamfahamu vizuri mnyama huyu wa Kifrisiani: lishe yake, kiwele chake, uzazi wake. Asichokijua ni kinachomngoja mnyama huyo kwenye mzigo wa majani.

Kwa ufupi, hadi hapa: shahada nzuri ya mbali inaweza kuwa na pengo moja kubwa, nalo ni magonjwa ya hapa. Pengo hilo halizibwi kwa kumrudisha mtu darasani miaka miwili, wala kwa kufumba macho na kumwachia mkoba. Linazibwa kwa kipindi kifupi cha kazi chini ya jicho la mwenzake.

Ugonjwa ukilipuka

Mwishoni mwa mwaka 2017 na kuingia 2018, sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa Burundi kwa mara ya kwanza. Ni ndugu wa ile sotoka ya ng'ombe ambayo dunia ilitangaza mwaka 2011 kwamba imekwisha kabisa. Mbuzi anahara, anatoka vidonda mdomoni na usaha machoni, anakufa ndani ya siku chache, na kinachofuata ni banda zima. Miaka michache baadaye, mwaka 2022, ikaja homa ya Bonde la Ufa. Serikali ilisimamisha kwa muda uchinjaji na uhamishaji wa mifugo. Mabucha yakafungwa, minada ikasimama.

Homa hii ilitambuliwa kwa mara ya kwanza Kenya, karibu na ziwa Naivasha, mwaka 1931. Inaenezwa na mbu, inawafanya ng'ombe, kondoo na mbuzi watupe mimba kwa wingi, na inampata binadamu. Anayempasua mnyama aliyekufa kwa homa hiyo, anayemsaidia ng'ombe kuzaa ndama aliyekufia tumboni, anayeshika damu kwa mikono mitupu, wote wako hatarini. Mara nyingi wa kwanza kuugua ni mchinjaji, mchungaji, na daktari mwenyewe.

Wakati kama huo ndipo watu husema: mambo ya leseni yasubiri, tuleteni kila anayejua kushika sindano. Naelewa hofu inayosema hivyo. Lakini tazama kinachotokea mtu asiyejua anapopewa kazi ya kuchanja. Anatoka zizi hadi zizi na sindano ileile. Ng'ombe wa kwanza alikuwa na virusi mwilini bila dalili. Kufikia ng'ombe wa kumi, mchanjaji amekuwa mbu mkubwa kuliko wote. Vilevile, chanjo ya zamani ya homa ya Bonde la Ufa, ambayo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, inaweza kumfanya mnyama mwenye mimba aitupe. Mtu wa kuulizwa "je, huyu ana mimba ya miezi mingapi?" kabla ya kuchoma sindano lazima awe anajua anachoulizwa.

Leseni ya dharura inaweza kutolewa ndani ya siku mbili tatu badala ya miezi. Hilo linawezekana endapo maandalizi yalifanyika kabla: orodha ya madaktari wa nchi jirani waliokwisha kuthibitishwa, fomu fupi, na mtu mmoja katika ofisi ya mkoa ya mazingira, kilimo na mifugo mwenye mamlaka ya kutia saini. Nchi inayoanza kutafuta fomu siku ugonjwa unapotangazwa itaishia kufanya moja kati ya mawili, kuwazuia wote au kuwaruhusu wote.

Kobero, mpaka ambao ng'ombe huuvuka kabla ya daktari

Muyinga, ambayo tangu mgawanyo mpya wa mikoa wa mwaka 2025 imo ndani ya mkoa wa Buhumuza, inatazamana na Tanzania. Ukitoka mjini ukielekea mashariki unafika Kobero, kituo cha pamoja cha forodha, na ng'ambo yake ni Kabanga, wilaya ya Ngara. Malori yanapita usiku na mchana. Kiswahili kinasikika sokoni Muyinga pamoja na Kirundi, na familia nyingi zina ndugu pande zote mbili. Kaskazini kuna Rwanda. Katika eneo la Gasorwe wamehifadhiwa wakimbizi wa Kongo, ambao miongoni mwao, kama ilivyo katika kambi yoyote, wamo watu wenye taaluma zao.

Ugonjwa wa miguu na midomo hauna haja ya kibali kuvuka mpaka huu. Daktari anahitaji.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, pamoja na Rwanda. Itifaki ya Soko la Pamoja, yaani makubaliano ya kuruhusu watu, mitaji na huduma kuvuka mipaka, ilitiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 2010. Ndani yake nchi ziliahidi kutambua vyeti vya elimu na vya taaluma vya kila mmoja. Ahadi hiyo haikujitekeleza yenyewe. Ilibidi kila taaluma iandike mkataba wake: wahasibu wakaanza, wasanifu majengo wakafuata, kisha wahandisi, na mwaka 2016 mkataba wa madaktari wa mifugo nao ukatiwa saini. Wazo lake ni rahisi: daktari aliyesajiliwa na baraza la nchi yake, mwenye rekodi safi, anapoomba katika nchi jirani asianzishiwe upya kana kwamba hajasoma.

Tuseme kijana amehitimu Sokoine, amesajiliwa Tanzania, amefanya kazi Ngara miaka mitatu. Kwa ndigana kali hana la kufundishwa, maana kupe wa Ngara na kupe wa Muyinga ni walewale. Lugha ya sokoni anaijua. Huyu ana pengo tofauti kabisa na la mwenzake wa Dakar. Vyeti vyake viko kwa Kiingereza na ofisi anayoiendea huandika kwa Kifaransa. Sheria anayoijua ni ya Tanzania: dawa zipi zinaruhusiwa, ugonjwa upi unatangazwa kwa nani, nani anakagua nyama. Burundi ina sheria yake ya mwaka 2009 kuhusu afya ya wanyama. Na mama mzee wa kilimani atamweleza ugonjwa wa mbuzi wake kwa Kirundi, si kwa Kiswahili cha sokoni. Kumpa kijana huyu mtihani wa magonjwa ya kupe ni kupoteza muda wake na wetu. Mpe siku chache za kujifunza sheria, mpe fundi wa Kirundi wa kufuatana naye, aanze kazi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka leseni ya muda iwe na masharti yaleyale kwa kila mwombaji. Usawa wa namna hiyo ni wa kwenye karatasi tu. Mwombaji wa Dakar na wa Morogoro wana mapengo mawili tofauti, na kila pengo lina dawa yake.

Ruhusa iliyoandikwa vizuri

Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya ilijikuta na upungufu wa madaktari wa kukagua nyama machinjioni, kwa sababu wengi wao walikuwa wakitoka nchi nyingine za Ulaya. Chombo chao cha taaluma kikaamua kuwasajili kwa muda baadhi ya madaktari ambao Kiingereza chao hakijafika kiwango cha usajili kamili. Sharti likawa wafanye kazi ya machinjioni peke yake, chini ya usimamizi, huku wakiendelea kusoma lugha. Hawakuruhusiwa kufungua kliniki wala kutibu mbwa wa mtu. Sipendekezi kuiga kila kitu cha Waingereza, lakini hapo walifanya jambo la busara: waliifunga ruhusa kwenye kazi mahususi.

Karatasi ya leseni ya muda inayofaa Gitega au Muyinga ningetaka iwe na mambo haya:

- Kazi inayoruhusiwa, kwa maneno yanayoeleweka na mfugaji. "Kuchanja mbuzi na kondoo" inaeleweka. "Huduma za veterinari kwa ujumla" haimlindi mtu.
- Eneo. Tarafa zipi, vilima vipi.
- Tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na utaratibu wa kuongeza muda mara moja, kwa sababu zilizoandikwa.
- Jina la msimamizi, ambaye naye atajibu kukitokea madhara. Hili ndilo zito kuliko yote. Msimamizi wa jina tu, aliye Bujumbura na hajawahi kufika kilimani, ni sawa na kutokuwepo.
- Dawa anazoruhusiwa kuzitumia na kuziandika.

Hilo la mwisho linahitaji maneno kidogo. Ng'ombe anayekamuliwa akichomwa antibiotiki, kuna siku ambazo maziwa yake hayapaswi kuuzwa wala kunywewa, kwa sababu mabaki ya dawa yamo ndani. Daktari asipoandika siku hizo mahali popote, maziwa yanakwenda kituo cha kukusanyia, yanachanganywa na ya wengine, yanafika kwenye chai ya mtoto. Dawa zilezile zikizidi kutumika hovyo, vijidudu vinazizoea, na siku mtoto huyo akiugua kweli dawa inakuwa haimsaidii. Anayetibu ng'ombe anatibu pia watu asiowaona.

Daktari anayengoja

Nimezungumza sana kwa upande wa mfugaji. Daktari naye anadhulumika, na dhuluma yake haionekani kwa sababu hakuna ng'ombe anayekufa mbele ya macho yetu.

Mtu ameleta vyeti vyake. Anaambiwa vitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika. Anavitafsiri kwa gharama yake. Anaambiwa barua itatumwa chuoni kwake kuthibitisha. Barua inakaa. Leseni ya muda anapewa kwa mwaka, inakwisha, anaongezewa, inakwisha tena. Miaka inapita akiwa "wa muda", analipwa mshahara wa fundi, hawezi kufungua duka lake la dawa, hawezi kukopa benki kwa jina la taaluma yake. Kisha anapata nafasi kwenye mradi wa nje, anaondoka, na tunasema vijana hawaipendi nchi yao.

Ruhusa ya muda isiyo na mwisho ni njia ya kupata kazi ya daktari kwa bei ya chini. Ninalisema hili waziwazi kwa sababu nchi nyingi, tajiri na maskini, zimeuzoea mtindo huo. Dawa yake ni kuwawekea wenye ofisi tarehe kama wanavyomwekea mwombaji. Mwombaji akikamilisha karatasi, baraza liwe na siku zilizotajwa kisheria za kujibu. Likikataa, litaje sababu na njia ya kukata rufaa. Na kipindi cha usimamizi kikiisha bila malalamiko yaliyothibitishwa, usajili kamili umfuate bila kuanza kuomba upya. Daktari aliyekimbia vita ahesabiwe pia: chuo chake huenda kimeteketea au hakijibu barua, na kumtaka alete uthibitisho kutoka huko ni kumfungia mlango kwa kufuli lisilo na ufunguo. Mtu kama huyo apimwe kwa mtihani wa mikono, mbele ya ng'ombe na mbele ya madaktari watatu.

Mafundi nao wasisahaulike, pamoja na wale mawakala wa vijijini wa afya ya mifugo waliofundishwa kupitia miradi ya kurudishia familia ng'ombe baada ya vita vilivyoanza mwaka 1993. Katika miradi hiyo familia iliyopewa ng'ombe ilitakiwa kutoa ndama kwa familia inayofuata, na wakala wa kilima ndiye aliyewatembelea wote. Daktari wa leseni ya muda anapofika na kuwapita watu hawa kana kwamba hawapo, anapoteza macho na masikio ya kilima, na kazi yake haifiki mbali.

Mfugaji afanye nini wakati sheria zinaendelea kuandikwa? Anapofika daktari asiyemfahamu, amwombe karatasi, naye asione haya kuomba; daktari wa kweli ameshazoea kuulizwa. Aangalie tarehe ya mwisho. Aangalie kazi iliyotajwa, na kama hajui kusoma Kifaransa amwite mtoto wa shule amsomee. Apige simu kwa msimamizi aliyeandikwa pale, au amuulize fundi wa tarafa kama anamjua. Baada ya matibabu aombe maandishi yenye jina la dawa, kiasi, siku za kutokunywa maziwa na namba ya simu ya aliyetibu. Karatasi hiyo aitunze pamoja na kadi ya chanjo ya ng'ombe, mahali pakavu, kwa sababu daktari atakayekuja mwezi ujao, awe amesomea Dakar au Morogoro, ataiuliza kabla ya kufungua mkoba.